Saa Mbili Kasoro Hadi Mtwara

Mwaka 2013, mama yangu alifariki Masasi mimi nikiwa muuguzi Kibondo, na anionyeshe mtu pembe mbili za nchi hii zinazopeana mgongo kuliko hizo. Basi la Kahama, basi la Dar, basi la Masasi: siku tatu, mvua ikikuhurumia. Nyumbani walisema watanisubiri, maana mtoto ni mimi peke yangu. Nilichotaka ni kumwona uso kabla hajafunikwa.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Bwana Khatibu, afisa utumishi wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amewekewa intaneti. Nikamwomba siku za safari.

"Za nini, dada Veronica?" Akanigeuzia kompyuta. "Uwanja wa ndege wa Kibondo hadi wa Mtwara, kilomita elfu moja mia mbili na themanini. Saa mbili kasoro dakika tano."

"Ndege yenyewe iko wapi?"

"Mimi nakuonyesha muda, wewe unaniuliza ndege."

Nilicheka. Nimefiwa, nikacheka. Mwenzangu hakuwa anatania. Akaandika, safari: saa mbili. Akachukua namba ya mjomba ili athibitishe msiba, kisha akanituma uwanjani nikathibitishiwe kuondoka, la sivyo fomu haitoki.

Uwanja ni vumbi tupu, na siku hiyo akina mama walikuwa wameanika mihogo katikati. Mlinzi, mzee Leonidasi, aliisoma fomu mara mbili, akaamuru mihogo isogezwe, akanisimamisha penye nafasi. Akatazama saa yake, akaandika: "Ameondoka saa tano na robo." Akanipungia mkono. Nami, Mungu anisamehe, nikampungia. Nikairudisha fomu ofisini kwa miguu, nina hasira za kupasuka, nikadandia gari la saa sita kwenda Kahama. Msituni hakuna mtandao, na kabla hatujafika simu ikaisha chaji, nisipate pa kuichaji njia nzima.

Jumatatu asubuhi nilishuka Masasi miguu imevimba. Nikakuta turubai linakunjwa. Mama alikuwa amezikwa Jumamosi.

Mjomba Nathaniel hakuinuka kunipokea.

"Ofisi yako ilitupigia Ijumaa," akasema. "Wakasema umeruka saa tano na robo, saa saba na robo unatua Mtwara. Tukakupigia, hupatikani, tukaridhika kwamba uko kwenye ndege. Jioni kimya. Usiku kimya. Asubuhi nikawaambia watu, ametua tangu jana na Mtwara si mbali, kama hajaja basi hataki. Tukazika."

Nililia pale pale mchangani. Nikamtolea tiketi za mabasi, zote tatu, nikamweleza habari za Bwana Khatibu, za kompyuta, za mihogo, mpaka sauti ikakauka. Mjomba alinisikiliza vizuri, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza, akasogeza kiti karibu ili wengine wasisikie, akaniuliza siku zote hizo tatu nilikuwa nimelala kwa nani pale Mtwara.