Roho Tano za Saa Sita

Kioo cha simu ya Mama hakimtambui Mama. Anaweza kukigonga kwa kidole cha shahada mpaka kesho, nacho kikanyamaza kama mkwe aliyenuna. Miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya hoteli kwa dawa ya madoa imekula ncha za vidole vyake, zikabaki kavu na laini kama mgongo wa kijiko. Kwa hiyo kila likizo, nikirudi kutoka bweni, natwaa rasmi wadhifa wa Kidole Mkuu wa Familia: napokea simu, nasoma ujumbe, na kama malipo ya utumishi wangu uliotukuka, nacheza mchezo.

Mchezo wenyewe ni wa vigae. Ukipanga vitatu vya rangi moja vinapasuka, na kuku aliyetumbukia kisimani anapanda hatua moja. Una roho tano. Ukishindwa, moja inakatika, na haifufuki mpaka ipite nusu saa, labda rafiki akutumie zake. Nilikuwa nimekwama ngazi ya mia mbili na kumi na mbili, wiki ya pili hiyo, na nilishaanza kuamini kwamba yule kuku alijitumbukiza mwenyewe kwa makusudi.

Jumanne ile tulitoka nyumbani alfajiri kutafuta pasipoti ya Mama. Dada yangu, tuliozaliwa wawili tu, aliolewa nchi ya mbali, na Jumapili alianguka jikoni kwake. Shemeji alipiga simu akasema ni uvimbe kichwani, amelazwa, hajafumbua macho, na daktari amesema anayetaka kumuona aje wiki hii. "Wiki hii" alisema mara mbili. Mama hakulia. Aliinua godoro, akatoa cheti chake cha kuzaliwa, akakipangusa kwa upindo wa khanga.

Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, atuandikie barua ya kumtambulisha mtu aliyeishi mtaa huo tangu mwenyekiti mwenyewe ananyonya. Muhuri wake ulikuwa umekauka. Aliuhemea "haa" mara mbili, kama anayepasha viganja moto, akaugandamiza kwa uzito wote wa madaraka yake, ukatoka. Kwa mpiga picha tuliambiwa masikio ya Mama hayaonekani. Alipofungua kilemba, akaambiwa asitabasamu. Nilimhakikishia mpiga picha kwamba leo hilo lisimpe shida. Fomu tuliijaza kwa wino wa bluu, tukarudishwa, tukaijaza upya kwa mweusi, na kwenye "alama maalumu za mwili" nilishika kalamu kwa muda nikijizuia nisiandike "kichwa kigumu". Siku nyingine ningeandika.

Tulipofika ofisi yenyewe, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Nilipoteza roho zote tano kabla hatujafika kivulini. Mama akaninyang'anya simu, akasema chaji imebaki robo, na shemeji yangu akipiga je? Nikabaki nikiangalia kisogo cha mtu wa mbele, adhabu ambayo hata bweni hawajaigundua.

Karani wa dirisha namba tatu alikuwa kijana mwenye miwani mbili, moja machoni na moja utosini. Alikagua karatasi zote akaridhika, kisha akamwomba Mama aweke kidole kwenye kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Mashine ikalia, mwanga ukawa mwekundu. Akafuta kioo kwa shati. Mwekundu. Wakajaribu vyote kumi, mpaka vidole gumba.

"Mama yangu, huna alama za vidole," alisema, kwa upole tu, kama anayempa mtu habari ya chupi kuchungulia.

Akaeleza kwamba wapo wengi, wafuaji na wabeba matofali, na dawa ni moja: kuacha kazi wiki nzima, kupaka mafuta usiku, na kurudi Jumanne ijayo. Mama akamwambia Jumanne ijayo ni mbali. Karani akasema mashine haibembelezwi, labda angoje mkubwa wake arudi saa nane. Mama akasema atangoja, na kama ni kupiga magoti atapiga. Tukakaa kwenye benchi.

Saa sita kamili simu ikalia *kwii*. Kukifungua kioo Mama hawezi, lakini kusoma kinachojitokeza juu yake anaweza. *Malkia amekutumia roho tano.*

Malkia ndilo jina la dada kwenye mchezo. Mama alilijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsomea.

"Ameamka," alisema Mama.

Sura yake sijui niielezeje. Alimgeukia mama mmoja wa pembeni, mtu asiyemjua, akamwambia binti yake alikuwa hoi na sasa ameshika simu, anacheza na mdogo wake. Mtu aliyelala hashiki simu. Akaanza kukunja karatasi. Alisema twende nyumbani, akapumzishe vidole kama kijana alivyomwelekeza, aje Jumanne na mikono ya bibi harusi. Mkubwa wa watu wa nini tena, tumsumbue bure.

Sasa lazima niseme nilichofanya. Likizo iliyopita dada alikuja kututembelea. Alipoingia kuoga, nilichukua simu yake, nikapekua mipangilio ya mchezo mpaka nikakuta mahali pa kupanga roho zitumwe zenyewe bila simu kuguswa, nikaandika: kila siku, saa sita, roho tano, zije kwangu. Dada hakugundua. Alikuwa akilalamika tu kwamba huu mchezo una jini. Nilicheka miezi minne. Jumatatu pia zilifika, Mama akiwa ameenda kuomba ruhusa kazini, na dada akiwa na mipira puani. Nilizimaliza zote kabla ya chakula cha mchana.

Mama alikuwa ameshasimama.

"Mama. Hatumi yeye."

"Nani?"

"Simu yake inatuma yenyewe. Mimi ndiye niliyeipanga. Nilikuwa nafanya utani."

Akanitazama. Nilingoja kofi, ningelipokea kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo bado amelala?"

"Sijui, Mama. Ila hizi si zake."

Alikaa tena. Akaviangalia vidole vyake, kimoja kimoja. Kisha akanyanyuka, akaipita foleni yote mpaka dirisha namba tatu. Karani alifungua mdomo aanze upya habari ya mafuta. Mama akainua kidole, akakihemea "haa", kama ule muhuri, akakibandika. Mwekundu. Akahema tena. Mwekundu.

"Na wewe njoo ugandamize," alisema, bila kunigeukia.

Nikamshika kidole, nikakikandamiza juu ya ukucha kwa nguvu zangu zote. Kijani. Karani alisogeza mashine karibu. Akashusha miwani ya pili kutoka utosini. Vidole kumi vilituchukua mpaka karibu saa tisa. Alhamisi jioni pasipoti ilitoka.

Mama alisafiri Ijumaa. Simu aliniachia mimi, huko ingemfaa nini. Alimkuta. Shemeji anasema alikaa amemshika mkono Jumamosi nzima, akimsimulia mambo ya mtaani, na kwamba dada hakufumbua macho. Jumapili shemeji alinipigia saa tano na nusu, akasema dada ametutoka. Saa sita nilikuwa bado nimesimama mlangoni, pale pale nilipompokelea, simu ilipolia *kwii*.

Ningeweza kumwambia shemeji aizime simu ya dada. Sijamwambia. Na sijazifungua, kwenye kisanduku cha mchezo imeandikwa roho sitini na tano zinasubiri. Kuku yuko kisimani.

Mama amerudi. Mchana huwa anafua uani, mikono ndani ya povu, na ikilia anaacha kusugua.

"Zimefika?" huuliza.

"Zimefika, Mama."

Anaendelea kufua.