Maji ya Kiti cha Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mzee Gundi. Hakuna aliyethubutu kulitaja jina hilo mbele yake, lakini alilijua, tena alijua limetoka wapi. Kikombe kikivunjika, gundi. Soli ya kiatu ikifunua mdomo, gundi. Na lile gari lake la buluu iliyopauka, lenye umri wa kuoa na kuzaa, lilipakwa silikoni kila palipokuwa na ufa, hata fundi mmoja akamtania kwamba siku silikoni ikipigwa marufuku gari lote litabaki vipande barabarani. Mzee hakucheka.

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia dukani na sanduku lake la mawe ya kupimia, akamsalimia mwenye duka kwa adabu zote, kisha asiamini neno lake hata moja mpaka apime mwenyewe. Miaka thelathini na mmoja, na hakuwahi kupokea hata soda ya mtu. Akisema mizani inapunja, inapunja, hakuna rufaa. Watu walizoea kuamini kila kilichomtoka mdomoni, na yeye mwenyewe akazoea hivyo hivyo.

Mkewe alikuwa mshonaji. Usidhani mshonaji wa kupunguza suruali na kutia zipu! Alishona magauni ya harusi, na wasichana waliweka zamu kwake hata kabla ya kupata wachumba. Miaka tisa nyuma, asubuhi moja ya mvua, alilitandaza gauni alilolihangaikia wiki sita kwenye kiti cha nyuma cha gari la mumewe, juu ya shuka safi, akalipeleka kwa mama wa bibi harusi. Njiani alisimama kununua vifungo vilivyobaki, akangoja mvua ipungue. Alipofika na kulifunua gauni, upande mmoja mzima ulikuwa umelowa maji ya kutu, rangi ya chai. Na harusi ilikuwa kesho yake.

Mumewe akaitwa. Akaja mbio pamoja na dada yake, wakaingia sebuleni, wanawake wanane wakamgeukia kwa pamoja: limelowaje?

Sasa sikilizeni vizuri. Miezi minne kabla ya siku hiyo, mzee huyu aliona tone la maji ndani ya gari, chini ya kile kioo kidogo cha pembeni huko nyuma, kile kisichofunguka. Akapaka silikoni juu ya mpira wake, akaja mezani akijisifu kwamba pale hapatavuja tena mpaka kiama. Kwa hiyo aliposimama pale sebuleni alijua. Kama hakujua, basi alishuku, na mtu wa kazi yake alipaswa kutoka nje akapime. Lakini aseme mbele ya watu kwamba mkono wake ndio umeharibu gauni la mtoto wa watu?

"Mke wangu aliacha dirisha wazi," alisema. "Kidole kimoja. Nimeliona kwa macho yangu."

Mkewe alimtazama. "Nilifunga," alisema.

Nani angemwamini? Mkaguzi amesema kidole kimoja, kapima huyo. Habari ikaenea, zamu za magauni zikakatika moja baada ya nyingine, mpaka cherehani ikafunikwa kitambaa na juu yake ikawekwa redio. Ikifunuliwa, ni kwa kushona mapazia tu. Na tangu siku ile hakutia mguu ndani ya gari lile, si kwenda sokoni, si kwenda msibani. Nyumbani walisemeshana vizuri tu, chakula kilipikwa, wageni walikaribishwa. Ila mzee akishika ufunguo wa gari, mkewe alikuwa na kazi jikoni.

Mwaka huu magoti ya mkewe yakaanza kumsumbua. Ikawa lazima aende hospitali kila Alhamisi, na daktari akamkataza kupanda na kushuka basi. Mzee akaona neema hiyo. "Nitakupeleka mwenyewe, mama watoto."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Hakununa wala hakupandisha sauti. "Sipandi gari lile mpaka unionyeshe maji yale yalitoka wapi."

Jumatatu, bila kuaga, mzee akaliendesha hadi kwa fundi wa vioo, mwanamke mfupi mwenye vidole vyeusi kwa gundi ya vioo, aliyemwamkia vizuri na hapohapo akaanza kumgombeza. "Shikamoo, mzee. Nani kakupakia uchafu huu?"

"Marahaba. Kinavuja."

"Najua kinavuja, lakini wapi? Maji haya yana ujanja. Yanaingia huku, yanatambaa chini ya bati, yanakuja kuchungulia kule. Usipolijua tundu utakuwa unaziba hewa." Akamweleza namna. Nyunyiza poda ndani, pembezoni mwa mpira, maji yakipita yataacha njia. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine awe nje na kopo, amwagie kidogokidogo, aanzie chini apande juu. "Ukianzia juu yanalowesha kila mahali, hujui hata yameingilia wapi. Wa ndani akiona tone, agonge kioo. Ni kazi ya watu wawili, mzee. Nyumbani una mtu?"

"Ninaye," alisema.

Jioni yote alizungukazunguka mlango wa jikoni. Hatimaye akapiga moyo konde, akaeleza. Alitegemea kukataliwa. Mkewe akafuta mikono, akavaa ndala zake. "Kuangalia si kupanda," alisema. "Lete hiyo tochi."

Aliingia nyuma kwa taabu, akishika mlango na kuinua goti kwa mkono, akakaa palepale lilipokuwa limetandazwa gauni. Mzee akafunga milango yote. Akaanza kumwaga, kopo baada ya kopo, kwenye kona ya chini ya kile kioo kidogo. Kimya. Akapanda ubavuni. Kimya. Moyo wake, msinicheke, ukaanza kufurahi. Mtu mzima, mvi kichwani, alikuwa akiomba kimoyomoyo pasivuje, ili abaki na ule ukweli wake wa kidole kimoja alioulea miaka tisa, hata ikafika mahali akawa analiona kabisa lile dirisha likiwa wazi.

Akafika kona ya juu. Akamwaga kopo moja, la pili, la tatu. Hakugongewa.

"Vipi huko?" aliuliza. Hakujibiwa. Akamwaga la nne, akainama achungulie.

Maji yalikuwa yanashuka ndani kama ya mtu aliyesahau kufunga bomba. Yaliingia kona ya juu, chini ya silikoni yake, yakakata njia kwenye poda nyeupe, yakadondokea kiti. Yalikuwa na rangi ya chai. Mkewe alikuwa ameketi pembeni ya maji hayo, tochi inawaka mapajani, mikono ameikunja, anayatazama tu. Upande mmoja wa gauni lake la nyumbani ulikuwa tayari umelowa.

Mzee akafungua mlango. "Mbona hukugonga?"

"Ningegonga, ungesema nimekosea," alisema mkewe. "Nimekuacha uone mwenyewe."

Mzee akaingia, akaketi kwenye maji. Uso ulikuwa umemshuka. "Ulifunga," alisema.

"Nilifunga. Na kile kidole kimoja?"

Kukiri kwamba kioo kinavuja kulikuwa kugumu, lakini hilo hata maji yalikuwa yanalisema. Hili la pili lilikuwa lake peke yake. Alitazama mikono yake kwa muda, ile mikono ya kupakapaka.

"Sikukiona," alisema. "Sikutazama hata kidogo. Nilijua ni kioo changu, nikaona haya. Nisamehe, mama watoto."

Mkewe alizima tochi. "Mama wa bibi harusi tumemzika mwaka juzi," alisema. "Nilisimama pale kaburini kama watu wengine. Amekufa anajua mimi mzembe. Utamwambiaje huyo?"

Mzee alilia, na hakujificha. Kisha akakumbuka kwamba dada yake bado yupo, na dada yake ndiye aliyeivumisha habari ile kuliko wote. Akatoa simu palepale, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Kaka! Kulikoni?"

"Unalikumbuka lile gauni lililolowa kwenye gari langu?"

"Nisilikumbuke vipi! Si lile wifi aliacha dirisha wazi kidole kimoja?" Hata kipimo alikuwa nacho bado.

"Hakuacha wazi. Nilisema uongo. Kioo changu kilivuja, na nilijua."

Huko upande wa pili dada mtu akaangua kicheko. "Acha hizo, kaka. Wifi amekununia, eti? Haya, beba lawama yaishe, mlale salama. Lakini mimi usinizuge. Wewe uliona kwa macho yako, na wewe si mtu wa kusema usichokiona."

"Nakuapia, dada, nilidanganya."

"Una moyo mzuri wewe, ndiyo maana nakupenda. Nisalimie huyo wifi, mwambie amepata mume." Akakata.

Ndani ya gari kulisikika matone tu. Mzee alibaki ameishika simu. Angempigia tena? Angemwambia nini ambacho hajamwambia?

"Umesikia?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia."

"Miaka tisa mimi ndivyo nilivyokuwa nasikika." Akafungua mlango, akajiinua polepole, akaenda kubadilisha nguo.

Jumanne na Jumatano mzee alishinda kwa fundi wa vioo. Hakuruhusiwa kushika kitu zaidi ya kisu butu, na alikitumia kukwangua silikoni yake mwenyewe, utepe baada ya utepe. Chini yake bati la kona ya juu lilikuwa limeliwa na kutu, tundu la kupitisha punje ya mchele. Fundi akatoa kioo, akapiga msasa hadi bati likang'aa, akaziba tundu, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaiacha ikauke usiku kucha, ndipo akavisha mpira mpya. Wakamwaga ndoo nzima. Hapakuingia hata jasho.

"Kazi ya siku mbili tu hii," fundi alisema huku akifuta mikono. "Mzee, ulingoja nini siku zote?"

Mzee akatoa pochi, akamlipa.

Alhamisi mvua ilinyesha. Mzee alilileta gari mpaka mlangoni, akaufungua mlango wa mbele, akaweka mto kwenye kiti kwa ajili ya magoti ya mkewe. Mkewe akatoka na mwavuli na karatasi zake za hospitali. Akautazama mto. Akaenda akafungua mlango wa nyuma.

"Huku mbele pana nafasi ya kunyoosha mguu," mzee alisema.

"Hapa panatosha."

Aliketi chini ya kile kioo kidogo, akaweka kiganja juu ya kiti, akakiacha hapo. Mzee alimtazama kwenye kioo cha dereva, akangoja. Mvua ilikuwa inapiga bati kwelikweli.

"Panavuja?"

"Pakavu," alisema mkewe, akageuka kuangalia nje.

Mzee akatia gia. Ule mto ulikaa peke yake kiti cha mbele mpaka hospitali, na ukarudi nyumbani hivyo hivyo.