Maharage Yaliyobunguliwa

Mama Jaimin alinifuata dukani kwangu Kariakoo, ninapouza maharage, akaninong'oneza, "Mama Elibariki, njoo usikilize kitu."

Kwake Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kuna kikabati cha mbao wanamoweka sanamu za miungu yao. Chini yake palikuwa na unga laini wa mbao. Nikatega sikio. Kru, kru. Tangu marehemu mume wangu aniachie duka, mlio wa fukusi ndani ya gunia naujua. Ndani ya mbao sikuwahi kuusikia.

"Shikamoo, mama," alisema Jaimin, mwanawe. "Kikabati hiki kiage tu. Keshokutwa nakitupa, wadudu wasije wakahamia milangoni."

"Marahaba. Babu yako anasemaje?"

Mzee Natvarlal amesali mbele ya kikabati kile tangu ujana wake. Sasa alikuwa anafuta unga kwa kidole. Dawa ya kupuliza hataki, maana humo ndimo anamoweka chakula cha sadaka.

Nikashauri tukianike, kama maharage. Mama Jaimin akahamisha miungu, tukakipandisha juu ya paa la ghorofa. Saa sita haijafika, mbao ikalia pa! Ufa.

"Mama, hilo siyo gunia!" Jaimin akacheka. Mzee hakucheka.

Nilirudi dukani kwa aibu. Nikamwomba Mungu, kisha nikakaa nikifikiri. Maharage ya mbegu hatuyaaniki tu, tunayafunga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Gunia limejaa, hewa ni kidogo, fukusi ni wengi, basi wanaimaliza wenyewe na kufa. Lakini kikabati ni kitupu na wadudu wake wachache. Hewa yote ile wataimaliza lini?

Nikachukua maharage yaliyobunguliwa, yale ya kutupa, nikayafunga kwenye vitambaa, nikarudi nayo Mchafukoge.

"Unatuongezea wadudu?" Jaimin akashika kiuno.

"Hawa vibarua, baba. Kazi yao kupumua."

Tukajaza vifurushi ndani na pembeni, tukafunika yote kwa nailoni nzito mara mbili, tukabana na selotepu. Jaimin akakubali kusubiri wiki sita, siyo zaidi.

Tulipofungua, fukusi wote walikuwa wamekufa. Hao nilijua watakufa. Wa kwenye mbao je? Kikabati kikawekwa juu ya kitambaa cheusi siku tatu, ili unga ukidondoka uonekane, kisha nikaitwa.

Hakuna unga. Nikatega sikio, kimya. Jaimin naye akatega lake, akakaa hapo muda mrefu kuliko mimi.

"Babu," akasema, "lete miungu."

Mzee alikuwa ameshasimama nayo mlangoni.