Jina la Pili la Orodha

Hellen alimdharau Alexander tangu wiki ya kwanza. Jamaa alifika Mwanza na vyeti vyake, akavitundika ukutani kabla hajajua choo kiko wapi. Kila mtu pale ofisini Ilemela alikuwa "mdogo wangu", hata mama Selina wa chai, mwenye wajukuu wanne.

Kazi ya ofisi ilikuwa moja: watu wa hali ya hewa wakitabiri upepo mkali, mfumo uwatumie wavuvi ujumbe kwenye simu zao. Orodha ilikuwa na namba mia nne na kumi na mbili. Hellen alizikusanya mwenyewe, mwalo kwa mwalo, kila mitumbwi inapotia nanga, viatu mkononi. Alexander alizikuta zimeshapangwa, akaanza kuziita "data zangu".

Ijumaa wageni wangekuja kuukagua mfumo. Alexander akaamua kuwaonyesha kwa simu tatu tu za wafanyakazi, zilizokuwemo kwenye orodha, asije akawashtua wavuvi bure. Wazo zuri, hata Hellen alilikubali. Kisha, Jumatano, Hellen akasoma programu aliyoiandika Alexander. Mstari wa kwanza: majaribio = wavuvi. Mistari iliyofuata ilifuta kila namba kwenye majaribio, ikabakiza tatu.

Hellen alirudia kusoma, akatabasamu. Bwana mkubwa alidhani amenakili orodha, na wala hakunakili kitu. Katika lugha ile ya kompyuta, alama ya sawasawa ilikuwa imeipa orodha ileile jina la pili, basi. Mtu huitwa Mashimba nyumbani na Mwalimu shuleni. Ukimnyoa Mwalimu, Mashimba atabaki na nywele zipi? Ukifuta majaribio, umefuta wavuvi. Na programu ikimaliza ingehifadhi kilichobaki.

"Kaka Alex," alisema, "hapa umenakili, au umeipa jina jingine tu?"

Alexander hakugeuza hata shingo. "Mdogo wangu, alama ya sawasawa ni somo la wiki ya kwanza. Ukikwama utaniuliza."

"Sawa, kaka."

Hapo Hellen akafunga mdomo. Nakala ya orodha alikuwa nayo kwenye kompyuta yake, na dawa yenyewe ilikuwa neno moja tu la kunakili. Lakini aliona heri wageni waombe kuiona orodha nzima, zitokee namba tatu, na vyeti vile ukutani vimtazame mwenyewe.

Ijumaa simu tatu zililia kwa pamoja. Wageni wakapiga makofi, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyeomba kuona orodha. Alexander alizunguka ofisini akipokea pongezi kama bwana harusi, na Hellen akabeba mkoba wake akaenda zake nyumbani Buzuruga, kanuna. Jumatatu ataona mwenyewe, aliwaza.

Jumamosi saa mbili asubuhi alikuwa akifua, simu yake ikalia kwa ujumbe: upepo mkali mchana, msiingie ziwani. Akausoma, akaendelea kusuuza shuka. Saa nne kasoro, mikono ikiwa bado ndani ya beseni, akakumbuka kwamba namba yake ilikuwa mojawapo ya zile tatu zilizobaki.

Alikimbilia ofisini bila kubadilisha nguo, akairudisha orodha, akatuma tena. Saa nne na nusu. Waliokuwa nchi kavu waliupata ujumbe. Waliotoka saa tatu kwenda kutegua nyavu walikuwa wameshafika mahali ambapo simu haishiki.

Mtumbwi wa mvuvi mmoja, Jairo, ulipinduka saa saba mchana. Yeye na mdogo wake Gidion waling'ang'ania ubavuni mpaka wakaokotwa na wenzao. Gidion alivunjika mkono. Nyavu zilikwenda na maji.

Jumatatu Jairo alipanda mlima wa mawe ilipojengwa ofisi yao.

"Shikamoo, mzee Jairo," Hellen alisema.

Jairo hakuitikia. Alivuta kiti. "Miezi minane mnatuambia. Juzi mlinyamaza. Nataka kujua kwa nini."

Alexander akadakia kwamba mitandao ya simu, mzee wangu, ina matatizo yake, hasa kule ziwani, na kwamba wataalamu wanalifuatilia. Aliongea vizuri, mikono ikichora hewani.

"Si mtandao," Hellen alisema. "Yeye aliifuta orodha bila kujua. Mimi niliona toka Jumatano kwamba itafutika. Nikanyamaza ili aaibike."

Jairo aliwatazama wote wawili. Kwa Alexander macho hayakukaa. Yalimpita kama yanavyopita kiti kitupu. Yalitua kwa Hellen.

"Huyu ni mjinga," alisema taratibu. "Mjinga anafundishwa. Wewe ulikuja kwangu ukala samaki wangu, ukaandika namba yangu. Ukajua. Wewe nikuite nani?"

Hellen akaifungua orodha, akaitafuta namba ya Jairo.

"Nitumie ujumbe sasa hivi," Jairo alisema. "Nione kwa macho yangu kwamba namba yangu imerudi."

Hellen aliandika, akatuma. Simu ikalia kwenye mfuko wa shati. Jairo aliusoma polepole, akiyafuata maneno kwa kidole, akainuka na kushuka mlima bila kuaga.