Aliyempakata Ersilia

Wakili Ersilia alipoomba picha za zamani, Tittina alipandisha mabega tu.

"Zangu zote kaka alizitia moto aliponifukuza. Nina miaka sabini na mmoja, mwanangu. Nimebaki na huu uso."

Uso nao jaji ataufungua ukurasa gani? Jaji huyo alitaka ushahidi kwamba Tittina ameishi maisha yake yote kama mwanamke, kabla ya kubadili vyeti vilivyosema Pasquale, jina la kiume alilopewa alipozaliwa. Naye Tittina, mgonjwa wa moyo, aliogopa jambo moja tu: kufa kabla ya hukumu, azikwe chini ya jiwe la Pasquale.

Siku ya kesi Ersilia alifika mikono mitupu. Mlangoni pa mahakama akawakuta kina mama wa kichochoroni kwa Tittina, muuza samaki Donna Filumena akiwa mbele na kapu.

"Tumesikia mnatafuta picha. Si mngetuuliza? Wasomi nyie, kuuliza kwenu taabu."

Huku Napoli, mtoto akizaliwa hupakatwa na mtu kama Tittina, aliyezaliwa mwanamume akaishi kama mwanamke, ili apate bahati, na picha hupigwa palepale. Ersilia alilijua hilo, ila tangu wazazi wake wahamie kwa wenye nazo, aliliona ushamba.

Ndani, Filumena akamwaga kapu la picha mezani kwa jaji. Miaka hamsini ya vichanga, wote mikononi mwa Tittina: Tittina wa nywele nyeusi, wa hereni kubwa, wa mvi. Nyuma ya kila picha, tarehe na majina mawili, la mtoto na la aliyempakata.

"Hizo si zangu," Tittina alinong'ona. "Ni za watoto."

Jaji alizigeuza moja moja. Ersilia alisogea mezani kuzitazama. Kisha akaona mwandiko wa mama yake: *Ersilia, siku tatu. Tittina.*

"Mama yako aliniachia mlipohama," alisema Filumena. "Aliona aibu kwenda nayo."

Jaji alivua miwani, akamgeukia karani. "Andika Tittina. Mtaa mzima umeshaandika, sisi ndio tumechelewa."

Ersilia alirudi kwenye kiti chake. Akamwinamia Tittina. "Ulinijua?"

"Tangu uliponifungulia mlango wa ofisi."

"Mbona hukusema?"

"Nisingejua kama unanitetea kwa haki au kwa fadhila." Tittina akamfuta machozi kwa kidole gumba. "Siku ile nayo ulilia hivihivi. Ukaninyea na gauni."