Meza ya Shangazi Ismay

"Siyo hii," alisema Shangazi Ismay, akarudisha kijiko mezani.

Waveney aliuma mdomo. Hiyo ilikuwa sufuria ya tatu tangu asubuhi, na jibu lilikuwa lilelile. Jumapili iliyopita shangazi alisema tui limezidi. Juzi akasema tui halimo kabisa, na nazi zilikuwa za duka lilelile, Waveney mwenyewe amezikuna mpaka vidole vikachubuka.

"Basi niambie kimepungua nini, Shangazi."

"Ningejua ningekuambia, mtoto wangu. Ila hii ni metemgee ya hotelini."

Neno hilo lilimchoma. Waveney Hinds alikuwa amepika katika hoteli za Toronto tangu usichana wake, akianza kwa kumenya viazi hadi kuwa mpishi mkuu. Alipika vya Wafaransa, vya Waitaliano, vya kila mtu isipokuwa vya kwao. Mwaka jana akaaga. Akapaka rangi chumba cha chini cha nyumba yake huko Scarborough, pembeni mwa Toronto, akatandika meza moja ndefu, akatangaza kwamba kila mwezi atawapikia wageni watakaoweka nafasi vyakula alivyolelewa navyo Buxton, pwani ya Guyana. Akaiita Meza ya Shangazi. Mama yao alipotangulia Kanada kutafuta maisha, aliyewalea yeye na kaka yake Colwyn alikuwa huyu Ismay, dada wa baba yao. Sasa mama na baba wote ni marehemu, na shangazi anaishi na Waveney, chumba cha mbele kinachotazama theluji.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Watu walikula wali wa nazi na kunde, wakagombea ukoko kama watoto. Lakini chakula alichokitaka Waveney kuliko vyote hakuwa amethubutu kukipakua: metemgee, ule mchuzi mzito wa nazi wenye mihogo, magimbi, ndizi mbichi na madonge ya unga, na juu yake samaki wa chumvi. Kilikuwa chakula cha Jumapili. Alikumbuka shangazi akivua viatu vya kanisani mlangoni, na yeye na Colwyn wamekaa kwenye ngazi wakisubiri madonge yaumuke, wakikatazwa kufunua sufuria. Hayo yote aliyaona wazi. Ladha yenyewe ndiyo iliyomkimbia. Kila akikaribia kuishika, inateleza.

Alimuuliza Colwyn, aliyekuwa dereva wa basi la jiji na aliyekuja kila Jumatano kula bure.

"Ndani yake zilikuwemo bamia," Colwyn alisema, mdomo umejaa.

"Bamia wapi!" Shangazi alidakia. "Wewe bamia ulikuwa unazitupia kuku."

"Ndiyo nasema zilikuwemo, Shangazi. Ningetupa nini kama hazimo?"

"Nyamaza. Kula."

Waveney akaandaa sufuria mbili, moja na bamia, moja bila. Shangazi akaonja zote, akasema zote siyo.

Ikafika Jumamosi ya wageni. Samaki walikuwa wamelowekwa tangu jana yake, wamechemshwa na maji yake kuchujiwa bakulini, wamechemshwa tena. Waveney alionja mchuzi akaona umekaa sawa. Akampelekea shangazi kijiko.

"Chumvi," alisema shangazi.

"Chumvi imo."

"Haimo."

Waveney akaongeza kidogo. Akaonja. Ilikuwa imefika ukingoni. Akapeleka tena.

"Bado. Yale maji ya samaki umeyamwaga? Yarudishe sufuriani."

"Shangazi, yale hayanyweki!"

"Mimi ndiye niliyekulisha, au wewe ndiye uliyenilisha mimi?"

Waveney alisimama na bakuli la maji ya samaki mkononi. Ulimi wake ulimwambia asithubutu. Lakini ulimi huo ulikuwa umefundishwa hotelini, na mwezi mzima alikuwa akiambiwa kwamba tatizo ni hilohilo. Akafumba macho, akamimina.

Wageni walishuka ngazi wakipangusa theluji kwenye viatu. Mezani alikuwepo Mzee Adonis, fundi cherehani mstaafu kutoka Georgetown, amekuja na mkewe, suti yake imenyooka kama anakwenda harusini. Shangazi alikaa kichwani mwa meza, kilemba chekundu kichwani, akipokea salamu kama malkia. Waveney alisimama akaeleza habari za Buxton, za ngazi na za viatu vya kanisani. Watu wakapiga makofi. Kisha wakala.

Kimya kilichofuata hakikuwa cha utamu. Mtu mmoja alikohoa. Majagi ya maji yakaanza kupita mkono kwa mkono, na mke wa Mzee Adonis akasukuma sahani yake taratibu, kwa kidole kimoja.

"Binti yangu," alisema Mzee Adonis, akijifuta midomo, "mimi nimekula chumvi nyingi hapa duniani. Lakini hii ya leo imenipita umri."

Meza nzima ikaangua kicheko. Waveney alihisi masikio yanawaka moto. Aligeuka kumtazama shangazi, akitarajia naye atakuwa amesukuma sahani. Shangazi alikuwa akifuta mchuzi wa mwisho kwa kipande cha donge, ametulia tuli.

"Wacheni kelele," aliwaambia wageni. "Hii ndiyo yenyewe."

Waveney akaomba radhi, akakusanya sahani. Alikaanga ndizi mbivu haraka haraka, akatoa vitobosha vya nanasi, vile viandazi vitamu vilivyokuwa vya mwisho wa mlo, watu wakala hivyo wakaondoka kwa adabu, wakimshukuru kwa sauti za watu wanaotoka msibani. Colwyn, aliyekuwa akisaidia kupakua, alibaki kuosha vyombo.

"Wewe ulionja?" alimuuliza dada yake.

"Nilionja."

"Sasa?"

"Aliniambia niongeze."

"Na akikwambia utie sabuni?"

Waveney alimrushia taulo la vyombo, akapanda juu bila kuaga.

Asubuhi aliamka na hasira bado mbichi. Ile sura ya shangazi akifuta sahani haikumtoka. Alipika chai ya shangazi kama kila siku, maziwa na tangawizi, na badala ya sukari akatia chumvi, kijiko kimejaa. Akaiweka mbele yake, akakaa kumtazama.

Shangazi Ismay akanywa. Akanywa tena.

"Ahsante, mwanangu. Imekaa sawa leo."

Waveney alisogeza kiti karibu. "Shangazi. Hiyo chai nimetia chumvi."

Shangazi aliweka kikombe chini. Alikitazama kana kwamba ndicho kilichosema.

"Tangu lini?" Waveney aliuliza.

"Tangu ile homa. Majira ya baridi ya mwaka juzi." Shangazi alivuta shali mabegani. "Sisikii ladha, sisikii harufu. Kila kitu ni kama karatasi iliyolowa."

"Na umenionjea mwezi mzima! Umenikunisha nazi! Umenifanya kichekesho mbele ya watu!"

"Ningekuambia, ungeniuliza nini tena?" Sauti ya shangazi ilipanda. "Ulipokuwa hotelini nilikuwa nauona mgongo wako tu ukitoka. Umeanza hii meza yako, ndiyo unakuja kukaa na mimi. Shangazi ilikuwaje, Shangazi onja. Nikasema nikimkubalia mapema, ataacha kuja."

Waveney alitaka kukasirika kikamilifu, akashindwa; alitaka kumhurumia, akashindwa hilo pia.

"Lakini mimi nilikudanganya nikuone," shangazi alisema akiinuka. "Wewe umenipa chai ya chumvi ili unikomoe."

Akaimwaga kwenye sinki, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Waveney alimpeleka kwa daktari juma lile. Daktari alisema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, na kwamba kwa umri ule wasiweke matumaini makubwa. Njiani kurudi Waveney aliendesha gari huku akiwaza kwamba mtu pekee aliyeijua ladha ile amebaki nayo kichwani tu, kama yeye, na hawawezi kulinganisha. Colwyn na bamia zake hakuwa shahidi wa kutegemewa. Alipiga usukani kwa kiganja. Shangazi alitazama dirishani.

Siku nyingi walisalimiana tu. Hata hivyo tarehe ya meza ilipofika, Waveney aliandika metemgee tena kwenye tangazo, kwa ukaidi kuliko kwa imani. Alikuwa akikanda unga wa madonge shangazi aliposhuka bila kuitwa, akavuta kiti, akaingiza vidole kwenye bakuli.

"Mgumu huu. Utawaua wazee wa watu."

Waveney alitaka kufoka. Akaongeza maji.

Mchuzi ulipoiva alionja mwenyewe, akatia chumvi mwenyewe, akaacha mwenyewe. Shangazi alikuwa akimwangalia.

"Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri ndiyo nini? Mimi sina ulimi, nieleze."

"Shangazi, wageni wanakuja."

"Nieleze."

Waveney akaonja tena, safari hii polepole. Akasema muhogo umelainika lakini bado unashika meno. Akasema tui limekuja mwanzo, chumvi ya samaki ikafuata nyuma, halafu kuna ukali kidogo wa pilipili mwishoni, chini ya ulimi. Akasema hajui kama ndivyo ilivyokuwa Buxton.

"Hata mimi sijui tena," alisema shangazi. Alijifuta unga mikononi. "Pakua."

Safari hii majagi ya maji yalibaki mahali pake. Mzee Adonis, aliyerudi kwa ubishi, alimaliza sahani akaomba nyingine.

"Sema kweli, binti. Hivi ndivyo mlivyokula nyumbani?"

Waveney alimtazama shangazi, na shangazi hakumsaidia.

"Sijui, Mzee," alisema, akachukua sahani yake, akaenda kumwongezea madonge.