Sanduku la Noti la Nyansiongo

Uvumi ulipoenea kwamba sacco ya Nyansiongo, chama chao cha akiba na mikopo, imeishiwa pesa, Drusilla Nyanchoka alikwenda kutoa akiba yake yote. Mumewe, Ishmael, alikuwa amelazwa Kisii akisubiri upasuaji.

Alikuta wanachama wamejaa hadi barabarani. Meneja, Walter Onchiri, akatoka na askari wawili waliobeba sanduku la chuma. Akalifunua. Noti za elfu zilijaa hadi ukingoni.

"Pesa zenu hizi hapa," akasema. "Lakini tukizitoa zote leo, sacco inakufa. Rudini nyumbani."

Drusilla, aliyekuwa amemweleza habari za upasuaji wa mumewe, alitulia. Hata aliwasihi wanawake aliosali nao waache akiba zao. "Nimeziona kwa macho yangu," aliwaambia. Wakamwamini, wakaondoka.

Kesho yake, akitoka hospitalini, alishukia Masimba kumwona dada yake, Nyakerario. Tawi la sacco hiyohiyo lilikuwa limezingirwa. Akapenya ndani. Walter alisimama kando ya sanduku lenye pembe iliyobonyea, kama lile la jana. Askari ni walewale. Maneno ni yaleyale.

Walter alimwona. Akamwita mbele kwa upole, kisha akamnong'oneza, "Mama, waambie uliziona Nyansiongo. Za matibabu ya mzee nitakupa leo hii."

Watu wakasogea kumsikiliza. Drusilla alimfikiria Ishmael akikunja uso kila alipogeuka kitandani. Kisha, badala ya kusema, alizamisha mkono sandukuni hadi kwenye kiwiko, akaibuka na konzi ya magazeti yaliyokatwa kama noti.

"Pesa ni hizi za juu tu," akasema. "Na jana zilikuwa kwetu."

Askari mmoja alifunga mlango wa mbele, mwingine akawazuia watu kwa rungu lake. Walter akakusanya noti za juu bila haraka, akazitia mkobani, akatokea mlango wa nyuma. Gari likanguruma, likaenda.

Drusilla alipofika Nyansiongo, ofisi ilikuwa imefungwa kwa kufuli jipya.

Ishmael alipasuliwa baada ya Nyakerario kuuza ng'ombe wake, akapona. Lakini Sabato iliyofuata, Drusilla alipoketi kanisani, wale wanawake aliowarudisha nyumbani waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakahamia benchi jingine. Hakuna aliyemsalimia. Nje alisikia mtu akiuliza kwa sauti ya chini, "Huyo alilipwa ngapi?"